Mmea Tambaazi Wenye Maua: Namna ya Kuuotesha Karatu, na Sababu ya Kutoupandisha Ngorongoro

Mtu apitaye Karatu mwezi wa Aprili, masika yakiwa yameshika, na atazame chini ya mapaa ya bati ya shule na zahanati zetu. Ataona mfereji mwembamba uliochimbwa na matone ya maji, na mbele ya mfereji huo ataona kiwanja cha udongo mwekundu kilicho kitupu kabisa. Kila asubuhi ufagio huondoa majani yote, na kila alasiri mvua huondoa udongo ule ambao ufagio umeulegeza. Miaka michache ikipita, msingi uliokuwa ndani ya ardhi hutokea nje kama meno ya mzee, na kuta huanza kupata nyufa. Wakati huo wazazi huitwa kuchanga fedha za matengenezo, nao huuliza fundi alijenga vipi. Aghalabu kosa si la fundi.

Walimu wanaweza kuwahesabia wanafunzi jambo hili ubaoni. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chumba cha darasa chenye paa la mita 9 kwa mita 7 kina mita za mraba 63. Ikinyesha mvua ya milimita 30 kwa alasiri moja, paa hilo moja hutoa lita 1,890. Na kama lina pande mbili, kila upande humwaga lita 945 juu ya mstari wa ardhi wa mita 9 tu. Udongo mtupu hauwezi kuyapokea maji hayo bila kuchukuliwa.

Dawa ya kwanza ni mfereji wa bati na tangi, wala sitaki mtu yeyote asome habari hii akadhani kwamba maua yatafanya kazi ya tangi. Lakini hata palipo na tangi, kiwanja kinahitaji nguo ya kuvaa. Ukoka hufunika vizuri, ila huingia katika shamba la mahindi na bustani ya mboga, na aliyewahi kuung'oa anajua taabu yake. Maua ya kawaida yataka maji tangu Juni hata Oktoba, miezi ambayo Karatu haina mvua na madumu huletwa kwa punda. Kwa hiyo nitaeleza mmea mmoja unaofunika ardhi, unaotoa maua, na unaostahimili kiangazi, tena haununuliwi kwa pesa nyingi, maana shina moja la jirani latosha kuanza.

Wataalamu waliuita mmea huu kwa miaka mingi Aptenia cordifolia, na sasa wengi wao wameurudisha katika jina alilolitoa Linnaeus mwana katika karne ya 18, yaani Mesembryanthemum cordifolium. Majina hayo ni marefu kwa kinywa cha mkulima, basi hapa nitauita mmea tambaazi. Asili yake ni upande wa mashariki wa Afrika Kusini pamoja na Eswatini. Majani yake ni manene, ya kijani, yenye umbo la moyo, na ukiyatazama juani yanang'aa kana kwamba yamenyunyiziwa umande, kwa sababu ngozi ya jani ina vifuko vidogo sana vya maji. Ua lake ni dogo, upana wake kama ukucha wa kidole gumba, rangi yake ni nyekundu ya zambarau, na petali zake ni nyembamba kama nyuzi. Hufunguka jua likiwa kali, na hujifunga jioni au mawingu yakitanda. Mmea wenyewe haupandi juu kupita kiasi cha inchi sita, bali hutambaa huku na huku ukisuka mkeka.

Tusiuchanganye na ndugu wengine wa majani manene. Uko ule wenye majani membamba kama sindano na maua makubwa ya rangi nyingi, uitwao Portulaca grandiflora, uliotoka Amerika ya Kusini. Huo nao ni mzuri na huvumilia jua, lakini maisha yake ni mafupi, nao huhitaji kuoteshwa tena na tena kwa mbegu. Nduguye wa porini ni ile mboga ambayo watu wengine huiita danga au tako la hasani. Kwa kufunika kiwanja mwaka mzima mimi nauchagua mmea tambaazi.

Sasa yafaa tujue sababu ya mmea huu kutokufa kwa kiu. Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani mchana ili kuvuta hewa inayotengenezea chakula, na kwa vinyweleo hivyo hivyo maji hutoka kama mvuke. Katika jua la Septemba hasara hiyo ni kubwa. Mmea tambaazi, kiangazi kikiukaza, hufunga vinyweleo mchana na kuvifungua usiku, hewa ikiwa baridi. Hewa iliyovutwa usiku huhifadhiwa ndani ya jani kama ukali, mfano wa ukali wa ndimu mbichi, na asubuhi jua likitoka mmea hutumia akiba ile bila kufungua mlango. Jambo la ukali huu liliandikwa zamani: mwaka 1815 ilichapishwa London barua ya Benjamin Heyne, aliyekaa India, akieleza kwamba majani ya mmea mmoja wa jamii ya majani manene yalikuwa makali asubuhi, na alasiri ukali umetoweka. Hata hivyo nawaonya walimu wasiwaonjeshe watoto majani ya mimea ya namna hii, kwa kuwa baadhi yake ni sumu, kama nitakavyoeleza mbele.

Lipo jaribio jingine lisilo na hatari. Maua yakiisha, hubaki vikonyo vidogo vikavu vyenye mbegu. Kikonyo kikavu hukaa kimefungwa kabisa. Kitie katika kisahani cha maji, na baada ya muda mfupi kitafunguka chenyewe. Ndivyo mmea ulivyojifunza kutozitoa mbegu zake mpaka mvua iwe imefika. Darasa zima hukusanyika kutazama, na hakuna haja ya chombo chochote cha maabara.

Basi tuje kwenye kazi. Mbegu si njia ya haraka, hata ingawa zinaota. Njia iliyo bora ni marando, kama tufanyavyo kwa viazi vitamu, ila kwa tofauti moja kubwa: rando la kiazi hupandwa likiwa bichi, bali rando la mmea huu hupewa kwanza nafasi ya kukausha kidonda chake. Chagua shina lenye afya lisilo na maua mengi. Kata kwa kisu kikali kipande cha inchi nne, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, yabaki manne au sita juu. Kisha yaweke marando kivulini, penye hewa, juu ya gunia au karatasi, siku moja au mbili, mpaka mahali palipokatwa pawe na ngozi kavu. Watu wengi huona huruma hapo na kuyatia majini. Hayo ndiyo yaozayo, kwa maana maji na vijidudu vya udongo huingia katika kidonda kibichi.

Kitalu kiwe na udongo mwepesi. Udongo mwekundu wa Karatu una rutuba, lakini ukilowa hushikamana, na ukikauka hufanya ukoko. Kwa hiyo changanya debe moja la udongo na debe moja la mchanga wa mtoni. Samadi iliyooza iwe kidogo sana, kopo moja kwa debe latosha, kwa kuwa chakula kingi hufanya mashina malaini na maua machache. Choma tundu kwa kijiti, ingiza vifundo viwili ndani ya udongo, gandamiza kwa vidole. Maji ya kwanza yatie siku hiyo kwa uangalifu, kisha subiri mpaka udongo ukauke juu kiasi cha ukucha ndipo utie tena. Kivuli chepesi cha majani makavu chafaa kwa wiki ya kwanza. Baada ya wiki mbili hata tatu, ukivuta rando kidogo na likakataa, ujue limeshika mizizi.

Kwa kiwanja, pandeni kwa nafasi ya futi moja kila upande, mistari ikipishana, si kulingana kama askari, ili maji yasipate njia nyofu ya kukimbilia. Kwa nafasi hiyo mita moja ya mraba inahitaji kama miche 11, na ukanda wa mita 10 kwa mita 1 unahitaji kama miche 110. Asiye na marando mengi asikate tamaa. Apande kumi kando, ayatunze kama mama, na miezi michache baadaye ayakate tena. Kila shina linalogusa udongo laweza kutia mizizi kifundoni, na kutoka shina moja mtu hupata marando mengi.

Katika ukanda ulio chini ya paa msipande mahali tone linapoangukia. Hapo wekeni mstari wa mawe au kokoto wenye upana wa futi moja na nusu, na mmea uanzie nje yake. Mawe huvunja nguvu ya tone, na mkeka wa mmea hushika udongo unaotaka kuondoka. Mawe bila mmea, maji huyapita kando na kuchimba. Mmea bila mawe hupigwa mpaka mashina yakatike.

Wakati wa kupanda ni jambo ambalo watu hubishana. Wako wapendao masika kwa sababu maji ni mengi. Mimi naona vuli ni bora hapa kwetu. Mvua za Novemba na Desemba kwa kawaida si nzito kama za masika, marando hupata unyevu bila kuzama, na kisha Januari na Februari jua huwa kali, mizizi ikalazimika kushuka chini kutafuta. Masika yakifika, mmea umekwisha kujishika. Aliyepanda katikati ya Aprili huona nusu ya marando yakielea mferejini. Juni hata Agosti ni baridi, nao mmea hukua polepole sana.

Tena mahali ni muhimu kuliko maji. Mmea huu wataka jua. Karatu mjini, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,500, hali ya hewa inaufaa. Huko chini Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, joto ni kali zaidi, na kivuli kidogo cha alasiri huusaidia. Chini ya miti mikubwa hurefuka, hupauka, na hautoi maua. Adui zake ni vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wajifichao vifundoni. Wafuteni kwa maji ya sabuni, na shina lililojaa wadudu likatwe na kuchomwa.

Sasa nafika mahali penye hatari, nami naomba wenyeviti wa vijiji wasome kwa makini. Mtu akiuona mmea huu umefunika kiwanja vizuri, atasema: Basi tuupande katika korongo na juu ya matuta ya shamba. Asifanye hivyo. Mizizi yake ni mifupi, na mashina na majani yake yamejaa maji. Katika mteremko mkali mkeka mzito wa namna hiyo, ukiloweshwa na mvua, waweza kuvuta udongo wa juu na kuporomoka nao. Nchi ya Marekani ina mfano wake. Huko California, mwanzoni mwa karne ya 20, walileta ndugu mkubwa wa mmea huu kutoka Afrika Kusini, uitwao Carpobrotus edulis, wakaupanda kandokando ya reli ili kushika udongo, na baadaye kandokando ya barabara, wakiendelea mpaka miaka ya 1970. Mwisho wake ukaenea pwani, ukafunika mimea ya asili juu ya vilima vya mchanga, na katika miteremko uzito wake ukavuta udongo chini. Leo watu hulipwa na wengine hujitolea kuung'oa.

Kwa matuta yetu yako majani yanayojulikana: mabingobingo, ambayo mizizi yake hushuka, na majani yake ni chakula cha ng'ombe wa zizini. Wairaqw hawakuanza jana kutunza mteremko. Katika nchi yao ya asili ya Irqwar Da'aw, huko Mbulu, walijulikana kwa kulima milimani kwa samadi na mifereji ya kuongoza maji, kabla wengi wao hawajaenea kuja upande wa Karatu katika karne ya 20. Mmea tambaazi hauna nafasi katika kazi hiyo. Kazi yake ni uani, shuleni, zahanati, makaburini, na kingo fupi za njia zisizozidi kimo cha goti.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, nayo ni ya kuuchukua mmea huu kupita lango la Lodoare kuingia Ngorongoro. Kila siku magari hupita hapo, na wako watu wetu wafanyao kazi katika nyumba za wageni ukingoni mwa kreta. Ni jambo jepesi mtu kutia marando machache mfukoni ili apambe mlango wa mahali pake pa kazi. Lakini wepesi ule ule unaotufurahisha Karatu, yaani kila kipande kuota, ndio unaoleta shida huko. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959, nayo mwaka 1979 ikaandikwa katika Urithi wa Dunia. Ng'ombe wa Wamaasai na wanyama wa porini hula majani ya nchi hiyo hiyo moja. Mmea mgeni ukitwaa mahali pa majani, wote wawili hukosa. Tayari Hifadhi imepata taabu na magugu yaliyotoka mbali, kama ule mmea wa miiba na maua ya manjano uliotoka Mexico, uitwao Argemone mexicana. Tena ukingoni kwenyewe, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 2,300, ukungu na unyevu wa kila siku haviupendezi mmea tambaazi. Atakayeupeleka huko atapata maua machache.

Mtu asiseme kwamba ua dogo haliwezi kudhuru. Laikipia nchini Kenya, mpungate uitwao Opuntia stricta, ulioletwa katika karne iliyopita kwa ua wa boma na mapambo, ulitapakaa katika malisho. Tembo na nyani walikula matunda na kutawanya mbegu, na miiba midogo ya matunda ikawajeruhi mbuzi midomoni. Mwaka 2014 wakalazimika kuleta mdudu maalumu wa kuula. Na uko mmea mwingine ambao huonekana katika bustani za mapambo, mrefu, wenye majani kama vijiti vya mviringo na vitoto vingi kwenye ncha ya jani. Asili yake ni Madagaska, na jina lake Kalanchoe delagoensis. Huo ni sumu kwa ng'ombe, hushika moyo. Mwaka 1997 huko Australia ng'ombe zaidi ya mia moja walikufa katika kundi moja baada ya kuula njiani. Mfugaji akiuona uani kwake na aung'oe, vitoto vyote viokotwe, avichome.

Wale wakaao ndani ya Hifadhi au kando ya msitu wake watumie mimea iliyokwisha kuwako hapo, baada ya kuwauliza watu wa Mamlaka ya Hifadhi. Jamii ya mmea wetu tambaazi inao wenyeji katika nchi za juu za Kenya na kaskazini ya Tanzania. Mmoja wao huitwa Delosperma oehleri, kwa kumkumbuka Eduard Oehler, Mjerumani aliyesafiri pamoja na Fritz Jaeger katika nchi ya makreta mwaka 1906 na 1907. Iko pia mishubiri ya asili, yenye maua ambayo ndege chozi huyapenda. Ila mishubiri ya porini isichimbwe kwa kuuzwa, kwa kuwa biashara yake kati ya nchi na nchi inaangaliwa kwa mapatano ya mataifa. Kadhalika mtu asilete vipande vya mimea kutoka nchi nyingine bila kibali; tangu sheria ya mwaka 2020 kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyo na ofisi zake Ngaramtoni karibu na Arusha.

Limebaki neno la kupogoa. Mara mbili kwa mwaka mkeka ukatwe kingo, usitoke nje ya mahali pake. Vipande vilivyokatwa visitupwe korongoni wala ukingoni mwa msitu, wala visitiwe katika shimo la mboji vikiwa vibichi, kwa kuwa vitaota. Vitandazwe juu ya bati au mwamba palipo na jua kwa wiki kadhaa mpaka viwe vyeusi na kuvunjika mkononi, kisha vichomwe. Kitalu kichanganywe Oktoba, na marando yakatwe mvua ya kwanza ya vuli inapotua vumbi.